Mshenga wa Mbuyu

Haya ni maneno niliyozungumza Tanga mjini mwezi wa Novemba, mbele ya wakulima, wafuga nyuki na wanafunzi wa sekondari, kuhusu popo, ndege na wanyama wengine wanaochavusha maua. Baadhi ya waliokosa nafasi wameniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni, pamoja na mahali nilipopotea njia.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, mama zangu, wanangu mliokuja na sare kwa sababu mmeahidiwa soda. Asalaam aleikum, na wenzangu wa upande wa pili, Bwana Yesu asifiwe. Itifaki mnisamehe. Mimi ni mwalimu mstaafu wa biolojia, na mwalimu akishapewa kipaza sauti hanyang'anywi kirahisi, basi bora nianze mapema.

Kabla ya kuingia humu nimepita Ngamiani nikanunua ubuyu. Huu hapa. Mwekundu kama mnavyouona, una sukari, una iliki, una pilipili ya kuchokoza ulimi. Nani hapa hajawahi kula ubuyu? Sioni mkono, na ningeuona nisingeuamini.

Sasa nijibuni: nani ameutengeneza? Nasikia "yule bi mkubwa wa kona". Sawa, rangi na sukari ni zake, na mkono wake Mungu aubariki. Lakini lile tunda lililobeba huu unga mweupe na kokwa zake, nani aliyelitengeneza? Mbuyu, mnasema. Mbuyu peke yake?

Mbuyu peke yake hauwezi. Huu ndio mwezi wake wa kuchanua, kwa hiyo mkitaka kunibishia mtaweza kwenda kuangalia wenyewe. Ua la mbuyu hutwa nzima limefumba, linaning'inia kwa kikonyo kirefu, kichwa chini, kama taa iliyozimwa. Jua likizama linafunguka. Linafunguka mbele ya macho yako, ukiwa na subira ya mtu anayengoja kahawa ichemke. Petali nyeupe zinajikunja nyuma, na katikati inabaki furushi ya nyuzi nyingi zilizojaa chavua, ule unga wa kiume wa ua, na ndani kabisa kuna mbochi, ule utamu wa ua. Harufu yake si ya asumini. Ina uvundo kidogo, nanyi msikunje pua, kwa kuwa haikuwekwa kwa ajili yenu. Kufika asubuhi petali zimeanza kuwa za kahawia, na haichukui muda ua linaanguka. Maisha ya ua la mbuyu ni usiku mmoja.

Na mbuyu una ukaidi wake. Kwa kawaida haukubali chavua yake mwenyewe. Unataka ya mbuyu mwingine. Mbuyu hautembei, mwenzake yuko ng'ambo ya shamba, na usiku ni mmoja. Hapo ndipo anapohitajika mshenga. Kama ilivyo kwetu, posa haipelekwi na bwana harusi mwenyewe.

Mshenga wa mbuyu huku Afrika Mashariki ni popo. Si kila popo, nitawaeleza. Ni popo wala matunda: yule mkubwa mwenye shingo ya rangi ya majani makavu, ambaye huruka masafa marefu na kuhama nchi hadi nchi, yule wa mapangoni, na yule wa kwenye miti mwenye vishungi vyeupe mabegani, anayelia usiku kama kengele ndogo. Anakuja, analikumbatia ua, anazamisha uso, anakunywa, anaondoka na kifua kilichojaa unga wa manjano. Mbuyu wa pili anaupaka ule unga bila kujua. Ndiyo harusi hiyo. Miezi inapita, buyu linakomaa, bi mkubwa wa kona anatia rangi.

Nilisahau mmoja, na wazee wa humu wangenisuta. Komba. Tangu mwaka 1965 watafiti wameandika habari za komba kwenye maua ya mbuyu katika sehemu hizi zetu. Babu yangu hakuhitaji mtafiti. Alikuwa mgema upande wa Pangani, na asubuhi akipanda mnazi akakuta kibuyu kimepungua alijua nani amepita. Ndiyo maana tunasema fulani amelewa kama komba. Msemo mwingine unamtuhumu mgema kwamba akisifiwa tembo hulitia maji. Babu akijitetea kwamba maji yalikuwa ya kufidia alichokunywa komba, na hadi leo sijui kama nimsadiki. Ila komba anayependa utamu wa mnazi anapenda na utamu wa mbuyu, na uso wake una manyoya, na manyoya hushika chavua.

Sasa niingie kwenye lililoniita hapa. Mwenyekiti aliniandikia akitaka nieleze "hali ya uhifadhi" ya ndege na wanyama wanaochavusha. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lina Orodha Nyekundu, iliyoanza mwaka 1964. Kila kiumbe kilichopimwa kinapewa daraja: wasiwasi mdogo, karibu na hatari, dhaifu mbele ya hatari, hatarini, hatarini kabisa, halafu lile la mwisho ambalo halina marekebisho, la waliotoweka. Mwaka 2016 jopo la kimataifa la bioanuwai, IPBES, lilitoa tathmini kubwa ya wachavushaji wa dunia. Nyuki na vipepeo ndio waliotangazwa sana, na wafuga nyuki wa humu mna haki ya kujivuna. Lakini ndani ya ripoti ile palikuwa na mstari mmoja wa wenye uti wa mgongo, yaani ndege, popo na wenzao: asilimia 16.5 ya wachavushaji hao wamo katika hatari ya kutoweka duniani. Ni kama mmoja katika kila sita. Wa visiwani, asilimia 30.

Wa visiwani niwapitie haraka maana wanahuzunisha. Mwaka 2023 Marekani iliwafuta katika orodha yake ya viumbe vya kulindwa ndege kadhaa wa Hawaii waliokuwa wakinywa mbochi, pamoja na popo mdogo wa Guam. Hawakufutwa kwa kuwa wamepona. Walifutwa kwa kuwa hawapo tena.

Orodha ile naiheshimu. Bila hiyo tungebaki barazani tukibishana kwa makelele. Lakini nina ugomvi nayo, au tuseme nina ugomvi na namna tunavyoisoma. Orodha inauliza: je, kiumbe hiki kitatoweka duniani? Mbuyu unauliza: je, usiku wa leo kuna atakayekuja? Hayo ni maswali mawili, na jibu la moja si jibu la jingine.

Komba wetu wa pwani daraja lake ni wasiwasi mdogo. Popo wa mapangoni, wasiwasi mdogo. Yule wa vishungi vyeupe, wasiwasi mdogo. Afisa anayesoma karatasi ofisini atasema hapa hakuna kesi. Lakini ukikata kichaka kilichobaki kati ya kijiji na bahari, komba wa hapo ameondoka, na dunia nzima haitatikisika, na daraja lake halitabadilika hata nukta. Mbuyu utachanua, utangoja, asubuhi utamwaga maua chini. Mwaka ujao vilevile. Na kwa kuwa mbuyu unaweza kuishi zaidi ya miaka 1,000, hutaona msiba. Utaona mti mkubwa, mzima, wenye kivuli, watu wanapiga nao picha. Hutaona kwamba chini yake hakuna mtoto. Ugumba wa mti hauna kilio.

Na kuna kinyume chake, kwamba wingi nao hudanganya. Huyu popo mkubwa wa rangi ya majani makavu, nchini Zambia, katika hifadhi ya Kasanka, kila mwaka kati ya Oktoba na Desemba hukusanyika kwa mamilioni kwenye kipande kidogo cha msitu, matawi yanavunjika kwa uzito wao. Mtu akiona wingi ule atasema hawa hawatakwisha hata tukiwala kila siku. Daraja lao? Karibu na hatari. Kwa sababu wanawindwa kwa nyama sehemu nyingi za Afrika, miti yao ya kulala inakatwa, na popo huyu hazai kama panya. Huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Mfano wake ni mtu mwenye mshahara mdogo na akiba kubwa benki. Akiba ukiichota haraka, mshahara hautairudisha.

Nihame usiku, nije mchana. Wanangu, nani anamjua chozi? Si chozi la machoni, chozi ndege. Yule mdogo, mdomo umepinda kama sindano ya kushonea mikeka, dume lina mng'aro wa mafuta ya taa juu ya maji. Mimi nilipokuwa na umri wenu nilimkamata kwa ulimbo. Tulikinga utomvu wa mfenesi, tukauchemsha, tukapaka kijiti karibu na ua la mgomba, tukajificha. Alikuwa anafia mkononi, moyo unapiga hadi huwezi kuhesabu. Nawaambia ili msidhani nimekuja hapa na mikono safi.

Juu ya milima yetu hapo, Usambara Mashariki, yupo chozi anayeitwa kwa jina la mahali petu: chozi wa Amani. Kichwa cheusi chenye kung'aa kijani na buluu, tumbo jeupe. Katika dunia yote anaishi sehemu chache tu, zikiwemo Usambara Mashariki, milima ya Udzungwa, na msitu wa Arabuko-Sokoke kwa jirani zetu Kenya. Daraja lake ni hatarini. Pale Amani Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902, na mwaka 1997 serikali yetu ikatangaza Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Kwa hiyo hatuwezi kusema hakuna aliyejua thamani ya mlima ule. Shida ni kwamba msitu haukuondoka kwa siku moja. Uliliwa kwa kijiko: chai ikachukua kipande chake, mbao kipande chake, kuni na mkaa vipande vyao. Na iliki. Iliki inapenda kivuli, kwa hiyo mkulima haangushi miti yote. Anafyeka ya chini, anapunguza ya juu, anapanda. Kwa mbali unaona msitu bado upo. Ukiingia ndani ni paa bila kuta. Baada ya miaka udongo unachoka, anasogea mbele.

Naona mmoja amelitazama fungu langu la ubuyu. Ndiyo, mwanangu, umeng'amua kabla sijasema. Ndani ya karatasi hii kuna buyu linalomhitaji popo, na kuna iliki, ambayo kwa namna inavyolimwa huko juu inamwondolea chozi msitu wake. Sisemi tususie ubuyu. Mimi mwenyewe nitaumaliza huu nikishuka hapa. Nasema tu kwamba hesabu ya mambo haya haiishii mlimani kwa mkulima maskini mwenye panga, maana sisi wa mjini tumeitia mdomoni.

Msidhani kazi ya chozi ni ya mlimani pekee. Wavuvi wa humu mnaijua miti ya msinzi, ile mikoko inayotoa boriti nzuri. Ua lake jekundu limeinama chini. Ndani, petali zimeishikilia chavua kama mtego uliotegwa. Chozi akiingiza mdomo, petali inafyatuka na kummwagia unga usoni. Anatikisa kichwa, anaudhika nadhani, anaruka ua la pili, anafyatuliwa tena. Mlilana nao, ule wa mbele kabisa baharini, maua yake hufunguka usiku na wageni wake ni nondo na popo. Tunapozungumza habari za kupanda mikoko tunahesabu miche. Siku moja mtu ahesabu washenga.

Nami ni lazima niwe mkweli kuhusu chozi, maana tabia yake si ya malaika. Ua likiwa na bomba refu kuliko mdomo wake, hulitoboa kwenye kitako, akaiba mbochi bila kugusa chavua. Mwizi mtupu. Na ile migomba tuliyokuwa tukimtegea ulimbo haimhitaji hata kidogo, ndizi zetu za kula hazina mbegu na hazingoji kuchavushwa. Mgomba unamlisha bure. Lakini ndizi ikimlisha Jumatatu, Jumanne anakwenda kuuhudumia mti wa porini ambao hauna mwingine. Shamba linaweza kuwa mama ntilie wa chozi hata kama si mteja wake.

Mkonge je? Tupo Tanga, siwezi kuondoka bila kuutaja. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na kwa hiyo 62 mkoa huu ukajengwa. Asili ya mmea ni Meksiko. Mkonge wetu hautaki mshenga. Ukitoa ule mlingoti wake mrefu na kuchanua, huotesha miche midogo juukwajuu, kisha unakufa. Lakini ndugu zake kule Meksiko huchavushwa na popo mwenye pua ndefu, ambaye ulimi wake unafika chini ya ua. Huko hutengeneza pombe kali, tequila, na ili kupata sukari hukata mmea kabla haujachanua. Popo akafika akakuta njaa. Mwaka 1988 Marekani ilimweka kwenye orodha ya walio hatarini, wakati huo walihesabiwa pungufu ya 1,000. Zikalindwa nyumba zao za mapangoni, wakulima kadhaa wakakubali kuacha mimea mitano katika kila mia ichanue. Mwaka 2018 akaondolewa kwenye orodha ile, wakikadiriwa kufika 200,000. Huyo aliondolewa kwa kupona.

Wanafunzi, hapa nawapa kazi ambayo sijui kama kuna mwalimu ameshaitoa. Mlingoti wa mkonge unapochanua huko mashambani, nendeni mkakae chini yake jioni hadi saa mbili usiku. Andikeni nani amekuja.

Sasa nivuke maji. Mkisimama ufukweni na kutazama mashariki, ng'ambo ya mkondo kuna Pemba. Pemba ina popo wake, mkubwa, uso kama wa mbweha, mabawa yake yakikunjuliwa yanapita urefu wa mtoto wa darasa la saba. Jamaa zake wametapakaa visiwa vya Bahari ya Hindi hadi Asia na Australia. Ajabu yake ni kwamba hakuna hata mmoja wa ukoo huo anayeishi bara la Afrika, na bara ndilo hili hapa, mwendo wa jahazi. Wameishia kisiwani kama mtu aliyefika mlangoni akasita kubisha hodi.

Popo huyu aliliwa. Kwa bunduki, kwa nyavu, wakati miti mikubwa aliyolalia inakatwa. Mwaka 1996 Orodha ilimweka hatarini kabisa. Na hapa ndipo pana kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1995, wakubwa wenzangu mnakumbuka, Pemba na Unguja zilishikwa na hofu ya Popobawa, jini linalosimuliwa kuvamia watu usiku, watu wazima wakalala nje makundi makundi, na habari ikavuka hadi huku pwani. Miaka hiyohiyo, katika kisiwa hichohicho, wanavijiji walianza kukubaliana kumlinda popo wa kweli. Sheria zao za kijiji, vilabu vya watoto shuleni, wazee kukataza bunduki. Pale Kidike, si mbali na Chake Chake, mgeni analipa kiingilio kidogo kuwaona wamening'inia mchana kama nguo zilizoanikwa. Walipohesabiwa takriban miaka kumi baadaye walikadiriwa kupita 18,000. Mwaka 2008 Orodha ilimpandisha, akatoka hatarini kabisa hadi dhaifu mbele ya hatari. Bado si salama. Ila ngazi zimepandwa, na waliompandisha hawakuwa na digrii.

Wakati Pemba inapanda, kisiwa cha Mauritius kilikuwa na popo wa ukoo uleule na wakulima wa maembe wenye hasira. Mwaka 2015 serikali iliamuru wapunguzwe, wakauawa zaidi ya 30,000, na mwaka uliofuata wengine. Mwaka 2018 Orodha ikamshusha popo yule hadi hatarini. Hapo sina la kuongeza.

Hadi hapa nilitaka kumaliza, lakini maswali yalikuja, na nayaandika mawili kwa kuwa yalikuwa na uzito kuliko hotuba.

La kwanza liliulizwa na mama mmoja muuguzi. Akasema, mwalimu, unatuambia tupende popo, na Marburg je? Kagera walikufa watu mwaka 2023, na Januari 2025 ugonjwa ukarudi mkoa uleule.

Nikamwambia: dada yangu, sijasema tuwapende, na nisingependa mtu atoke hapa akamkumbatie popo. Kweli yule popo wa mapangoni anajulikana kubeba virusi vya Marburg. Kwa hiyo usiingie pangoni wanamolala, usimshike aliyeanguka, tunda lenye alama ya meno yake usile, na watoto waambiwe hivyo. Lakini sikilizeni kisa cha mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda. Wachimbaji waliugua mwaka 2007, popo wa mgodini wakaangamizwa. Mwaka 2012 ugonjwa ukalipuka tena jirani na hapo, wilayani Ibanda. Popo walikuwa wamerudi mgodini, wageni na vijana wengi, na walipopimwa, wenye virusi walikuwa kama 13 katika kila 100. Kabla ya kuangamizwa walikuwa kama 5. Waliwaua ili kuondoa hatari, hatari ikaongezeka zaidi ya maradufu. Anayetembelea mapango yetu ya Amboni afuate njia anayoelekezwa na mwongozaji, asirushe mawe, asiwashe moto. Wengine kati ya popo wa mapangoni ni wala wadudu, hawana habari na maua kabisa, lakini mbu na nondo wanaowala nao ni hesabu yetu.

La pili liliulizwa na mzee mmoja wa Muheza, mwenye machungwa na maembe. Nanukuu kadiri ninavyokumbuka: "Binti yangu, hayo ya mbuyu nimeyasikia na ni matamu. Embe zangu nani atanilipa?"

Shikamoo tena, mzee wangu. Hakuna atakayekulipa, na mtu akikuahidi fidia ya popo usimpe namba ya simu. Ninachoweza kukuambia ni hiki. Popo anataka embe lililoiva. La sokoni unalichuma likiwa limekomaa, halijalainika. Kwa hiyo hasara kubwa ni kwa mti uliochelewa kuchumwa. Chuma mapema, kwa awamu. Mti wa karibu na nyumba upunguze kimo ili uweze kuufunika wavu siku za mwisho, na wavu uwe umekazwa, usiwe wa kunasa. Ule mwembe mrefu wa mpakani ambao mpandaji wake hukumpata mwaka huu, mwachie popo. Tayari ameshakula kwake miaka yote, na wewe umekuwa ukiita hasara kitu ambacho usingekichuma.

Mzee akacheka, lakini kicheko cha mtu ambaye bado anahesabu embe zake. Sikumlaumu. Mtu wa mjini kumhubiria mkulima uvumilivu ni rahisi, na nilijisikia vibaya kidogo nilipokaa.

Kijana mmoja wa kidato cha tatu alitaka kujua ataanzaje. Nilimwambia asianze na Orodha. Aanze na mti mmoja. Achague mbuyu, au msufi wakati wake ukifika, au mwegea wenye yale matunda kama soseji, ambao nao maua yake ni ya popo. Ahesabu maua yaliyofunguka, ahesabu wageni, baada ya miezi arudi ahesabu matunda. Mwaka ujao tena. Akifanya hivyo miaka mitano atakuwa anajua kuhusu mti ule jambo ambalo IUCN haijui wala haiwezi kulijua.

Basi tumepatana hivi. Mbuyu ulio nyuma ya shule una vitumba vilivyojaa, nimeuangalia jana. Ijumaa, kuanzia saa kumi na mbili jioni, mimi nitakuwa pale. Atakayekuja aje na jamvi lake, na tochi yenye kioo kilichofunikwa karatasi nyekundu ili tusiwatishe. Kahawa nitaleta. Kashata kila mtu na yake.